Nahodha Alipohamia Katikati

Kwa karne nyingi mshika usukani wa chombo cha tanga amekaa tezi, na sababu yake ni nyepesi: usukani wenyewe umetundikwa huko. Katika jahazi za pwani yetu kana hutoka kwenye usukani na kuingia moja kwa moja mkononi mwa nahodha. Hakuna waya, hakuna gurudumu, hakuna kitu cha kukatika kati yake na maji. Tena akiwa tezi analiona tanga lote mbele yake, na anajua kila mtu aliyemo chomboni anafanya nini. Yoti za Ulaya na Marekani, yaani mashua za tanga zinazojengwa kwa safari za starehe, zilikuwa na mpangilio huohuo. Ndiyo maana jambo lililofanywa na baadhi ya wasanifu wake kuanzia miaka ya 1960 lilihitaji ujasiri. Walimwondoa nahodha tezi, wakamleta karibu na katikati ya chombo, wakamketisha juu ya injini, na nafasi aliyoiacha nyuma wakaijenga chumba cha kulala. Kishimo kilichozungushiwa viti, ambamo mabaharia wa yoti hukaa, hushika usukani na kuvuta kamba, huitwa kokpiti. Na mpangilio huo mpya ukajulikana kuwa ni wa kokpiti ya kati.

Tangu siku hizo kokpiti ya kati imeuzwa kwa kitanda. Katika matangazo ya mashua za namna hii, za zamani na za leo, picha inayopewa nafasi ya kwanza ni ya chumba cha nyuma: kitanda kipana cha watu wawili, madirisha, kabati, choo cha pembeni. Wapinzani nao wanakishambulia kitanda hichohicho, wakisema kwamba hii ni nyumba iliyolazimishwa kuelea. Naona pande zote mbili zinabishania jambo lisilo na uzito. Thamani ya kokpiti ya kati iko kwa watu wawili waliochoka, usiku wa tatu baharini, mmoja akiwa zamu na mwenzake amelala. Hao ndio inaowafaa, na kwa mahitaji yao ndipo inapopasa kupimwa. Lakini faida hiyo ina sharti: chombo kiwe na urefu wa kutosha kuibeba. Chini ya mita 12 hivi hesabu inaanza kukataa, na sehemu kubwa ya lawama zinazotupiwa mpangilio huu ilitokana na wajenzi waliojaribu kuubana ndani ya vyombo vifupi mno.

Mwaka 1967, kwenye kisiwa cha Orust magharibi mwa Sweden, mjenzi mzaliwa wa Ujerumani, Christoph Rassy, alianza kutoa Rasmus 35, mashua iliyochorwa na Olle Enderlein. Urefu wake ulikuwa mita 10.5 hivi, mwili wa faiba, mkuku mrefu, na mbele ya kokpiti kulikuwa na kioo imara cha kuzuia upepo na maji. Kioo hicho kimebaki kuwa alama ya kiwanda hicho mpaka leo. Jina lake la sasa, Hallberg-Rassy, lilikuja baada ya Rassy kununua kiwanda cha Harry Hallberg mwaka 1972. Zilijengwa Rasmus 35 zaidi ya 700. Kinachostahili kutazamwa ni jinsi Enderlein alivyokabili tatizo la nafasi, kwa maana alilikwepa. Chumba cha nyuma hakikuunganishwa na sebule kwa ndani. Aliyetaka kwenda kulala alipanda hadi kokpiti, akavuka, akateremka tena kwa mlango wa pili, na mvua ikinyesha alilowa. Lakini kwa kuwa hapakuwa na njia ya kupitisha watu chini yake, kokpiti iliweza kukaa chini, ubavu haukuinuliwa, na Rasmus ikabaki na umbo la chombo cha baharini. Naiona hiyo kuwa busara kubwa ya ufundi. Enderlein alikubali watu wapate usumbufu kidogo ili mashua isiharibike.

Wanunuzi hawakuuvumilia usumbufu huo kwa muda mrefu. Walitaka kutembea kutoka chumba cha mbele hadi cha nyuma bila kutoka nje, na hapo ndipo mwili wa binadamu ulipoanza kuamua sura ya mashua. Msanifu anayefupisha chombo kutoka mita 14 hadi 10 anaweza kupunguza tanga, mlingoti, nanga na uzito. Hawezi kumpunguza mtu. Mwenye kimo cha mita 1.75 anahitaji njia ya kimo hicho katika mashua kubwa na katika mashua ndogo. Sakafu ya njia haiwezi kuteremshwa apendavyo msanifu, kwa sababu njia hupita upande mmoja wa injini, mahali ambapo mwili wa mashua umekwisha kuanza kupinda kwenda juu. Kinachobaki ni kupandisha dari, na dari ya njia ndicho kiti cha kokpiti. Kiti kikipanda, kuta za kokpiti nazo zinapanda. Sitaha inainuliwa ili tofauti isichukize macho. Mti wa chini wa tanga kuu unainuliwa usije ukagonga vichwa. Na tanga zima linasogea juu, mbali na farumi iliyomo mkukuni. Kila hatua ina sababu yake, na mwisho wa hatua zote ni mashua ya mita 10 iliyosimama majini kama kabati, ambayo upepo wa ubavuni unaisukuma kila inapotafuta mahali pa kufunga kamba bandarini. Nyingi za mashua ndogo za kokpiti ya kati zilizotoka katika viwanda vya Ulaya miaka ya 1970 na 1980 ziliingia mtegoni humo, nyingine kidogo, nyingine kabisa.

Upande wa pili wa Atlantiki sifa mbaya ilitoka kwingine. Charley Morgan wa St. Petersburg, Florida, alikuwa bingwa wa mwendo kasi. Mwaka 1970 alichora, akajenga na kuiongoza mwenyewe Heritage, mashua iliyoshindania nafasi ya kulitetea Kombe la Amerika kwa niaba ya Marekani. Muda si mrefu Out Island 41 yake ikaingia sokoni: kokpiti ya kati, upana wa zaidi ya mita 4, na kina cha mita 1.27 tu ndani ya maji. Kina hicho kilikusudiwa Bahamas na visiwa vya Karibi, kwenye maji haba, na makampuni ya kukodisha yoti yaliipenda kwa sababu ilibeba wageni wengi na wote wakalala kwa raha. Ila kwenda bisho ilikuwa shida. Mkuku usio na kina haushiki maji vizuri, chombo kinateleza kufuata upepo, na baharia anayetaka kufika kwa wakati huwasha injini. Kwa kazi aliyoikusudia Morgan, hiyo haikuwa mashua mbaya hata kidogo. Bahati mbaya ni kwamba ilienea sana, hata watu wengi wakidhani udhaifu wake wa kubisha umeletwa na mahali alipokaa nahodha, na kumbe umeletwa na kilichokosekana chini ya miguu yake.

Nchi hiyohiyo ndiyo iliyotoa jibu, katikati ya miaka ya 1970. Jack Kelly, mfanyabiashara wa yoti wa San Diego, alimkabidhi kazi Doug Peterson, msanifu aliyejulikana mwaka 1973 kwa mashua yake ya mashindano, Ganbare. Walichokitoa ni Peterson 44, iliyojengwa Taiwan: urefu wa mita 13.4 hivi, na katika hizo karibu mita 11.8 ziko kwenye mstari wa maji. Mkuku wenye kina cha mita 1.9, uliotengana na usukani. Uzito wa tani 13 na ushei. Zilijengwa takriban 200. Kokpiti ilikuwa ya kati, njia ya ndani ilikuwepo, chumba cha nyuma kilikuwepo, na mashua ilibisha vizuri na kuvuka bahari kuu kwa mwendo ambao wenye yoti za kokpiti ya nyuma waliuheshimu. Peterson hakugundua siri yoyote. Alikuwa na mita tatu zaidi ya zile alizokuwa nazo Enderlein, na katika mita hizo tatu njia ya ndani ilipata kimo chake bila kuinua kila kilichokuwa juu yake. Kwa hiyo anayesema kwamba kokpiti ya kati haiendi bisho amesimulia habari za mkuku mfupi na za mashua fupi. Habari za kokpiti bado hajazigusa.

Faida yenyewe ni afadhali kuipigia hesabu kuliko kuisifu. Chombo kinachokabili mawimbi ya mbele hupanda na kushuka kwa kuzunguka sehemu iliyo karibu na katikati yake, mara nyingi nyuma kidogo ya katikati kamili. Omo ikinyanyuka nyuzi 5, aliyeketi mita 5 nyuma ya sehemu hiyo anashuka sentimita 44 hivi; omo ikiinama nyuzi 5, naye anapanda kiasi hicho. Wimbi moja basi linamchukua karibu sentimita 87, na baada ya sekunde chache linakuja jingine, na hivyo hivyo kwa saa zote za zamu. Aliyeketi mita 1 tu kutoka sehemu hiyo anakwenda sentimita 17. Tofauti ya sentimita 70 kwa kila wimbi ndiyo inayoamua kama mtu atakula alichopikiwa, kama ataweza kusoma ramani bila kichefuchefu, na kama baada ya usiku wa tatu bado atakuwa na akili ya kutambua kwamba taa anayoiona ni ya meli inayomjia. Kwa wafanyakazi kumi wa mashua ya mashindano uchovu wa mmoja si kitu. Yuko mwingine wa kupokea kamba. Kwa wawili, mmoja akichoka kupita kiasi, nusu ya mabaharia imekwisha.

Wapinzani wanajibu, na jibu lao ni la haki, kwamba kokpiti ya kati iko juu zaidi, na chombo kinapokwenda mrama kulia na kushoto aliye juu ndiye anayerushwa zaidi. Tuseme kiti kimepanda sentimita 40 kuliko kile cha tezi. Chombo kikilala nyuzi 10 kila upande, sentimita hizo 40 zinaongeza safari ya sentimita 14 kutoka upande hadi upande. Kikilala nyuzi 20, zinaongeza sentimita 27. Mwili unalihisi ongezeko hilo, hasa upepo ukiwa wa nyuma na mashua ikiyumba kutwa nzima. Hata hivyo ni dogo mbele ya zile sentimita 70. Ila tazama mambo yanavyogeuka chombo kikiwa kifupi. Katika mashua ya mita 10 anayekaa tezi yuko mita 3 tu au pungufu kutoka kwenye sehemu ya mzunguko, hivyo hana taabu kubwa ya kuepushwa. Na papo hapo kokpiti ya kati imelazimika kupanda zaidi ili watu wapite chini yake. Faida inapungua huku gharama ikikua. Mahali zinapokutana ndipo ulipo mpaka ninaousema, na kwa jinsi wasanifu walivyofanya kazi kwa miaka 50 iliyopita, mpaka huo unaangukia karibu na mita 12.

Faida ya pili haionekani kwenye picha za matangazo kwa sababu inanuka dizeli. Kokpiti ikisogea katikati, chini yake panapatikana chumba cha injini kinachostahili jina hilo, badala ya sanduku lililofichwa nyuma ya ngazi ambalo fundi huliendea kwa tumbo. Injini, betri na matangi yakikusanyika katikati, omo na tezi zinabaki nyepesi, na chombo chenye ncha nyepesi hupanda wimbi kwa urahisi zaidi. Aliyelielewa jambo hili kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Mfaransa Henri Amel, aliyeanzisha kiwanda chake La Rochelle mwaka 1965 na aliyefanya kazi hiyo akiwa na uoni hafifu sana. Super Maramu yake, iliyotoka mwaka 1989, ina urefu wa mita 16 na milingoti miwili, mkubwa na wa galme, ili tanga ligawanyike katika vipande ambavyo mtu mmoja anaviweza. Tanga la mbele na tanga kuu hukunjuliwa na kuviringishwa kwa mota za umeme, na nahodha hahitaji kutoka kwenye kokpiti. Gurudumu la usukani liko mbele kabisa ya kokpiti, chini ya paa gumu, hivyo anayeshika zamu amekaa pakavu. Sakafu ya kokpiti hufunguliwa kama mfuniko, na injini yote iko wazi chini yake, katika chumba kilichotengwa na vyumba vya watu kwa kuta zisizopitisha maji. Hadi uzalishaji wake ulipokoma mwaka 2005, mwaka uleule alioaga dunia Amel, zilikuwa zimejengwa karibu 500. Kila kitu ndani yake kilijibu swali moja: je, mume na mke wenye umri wa miaka 60 wanaweza kuivusha bahari bila kumwajiri mtu? Kokpiti ya kati haikuwa pambo la jibu hilo. Jibu lote lilijengwa kuizunguka.

Na kitanda? Ukweli ni kwamba kile kitanda kipana cha nyuma, kilicho wazi pande mbili ili mtu apande na kushuka bila kumruka mwenzake, ni kitanda cha bandarini. Chombo kikiwa kimelala upande mmoja hakuna cha kumzuia mlalaji asiporomoke, na tezi hupanda na kushuka zaidi kuliko katikati, kwa hesabu ileile tuliyoipiga. Mawimbi madogo yanayopiga chini ya tezi wakati chombo kimetia nanga nayo yana kelele zake. Wanaosafiri mbali hulala sebuleni, upande ulio chini, nyuma ya kitambaa kilichofungwa kuzuia mtu asianguke. Baadhi ya mashua zina kitanda chembamba kwenye njia ya kuelekea nyuma, kando ya injini, na hicho ndicho kitanda bora cha baharini chomboni: kiko chini, kiko katikati, kimebanwa pande zote, na aliyelala humo yuko hatua mbili kutoka kwa mwenzake aliye zamu. Inasikitisha kwamba viwanda vingi vimekiondoa ili kupanua jiko au choo. Nasema hivi nikijua kwamba bila kile kitanda kipana mashua nyingi za aina hii zisingejengwa kamwe, maana ndicho kilichowashawishi waliokuwa wakilipa.

Kuna pingamizi la kihistoria ambalo haliwezi kurukwa. Bahari kuu zilishindwa na watu waliokaa tezi. Francis Chichester aliizunguka dunia mwaka 1966 na 1967 akiwa na Gipsy Moth IV, akisimama Sydney tu. Robin Knox-Johnston alifika Falmouth tarehe 22 Aprili 1969 baada ya siku 312 bila kusimama bandarini popote, akiwa na Suhaili, mashua ya futi 32 iliyojengwa kwa mbao za msaji kule Bombay. Kokpiti zao zilikuwa nyuma. Ni kweli, lakini wote wawili walikuwa peke yao, walikubali kuteseka kwa ajili ya rekodi, na Suhaili ilikuwa fupi kiasi kwamba swali la kokpiti ya kati halikuwa na maana kwake. Cha kuvutia zaidi ni kwamba Angus Primrose, mmoja wa wasanifu wawili wa Gipsy Moth IV, mwenzake akiwa John Illingworth, ndiye aliyekuja kuchora Moody 33, miongoni mwa mashua za kokpiti ya kati zilizopendwa na familia za Uingereza miaka ya 1970. Hakuwachorea wengine kitu asichokiamini. Yeye mwenyewe alisafiri Atlantiki kwa Moody 33. Mwaka 1980 alipotea baharini pamoja na mashua hiyo karibu na pwani ya Marekani. Kifo chake hakithibitishi kwamba mpangilio ulikuwa mbovu, na wala hakistahili kufichwa na mtu anayeutetea.

Katika dhoruba kubwa, mahali alipo nahodha ni jambo la tatu au la nne. Agosti 1979 mashindano ya Fastnet yalipigwa na dhoruba: yoti 303 zilianza, 85 tu zikamaliza, 24 ziliachwa na mabaharia wake, na washindani 15 walikufa. Waliochunguza maafa hayo walihangaika na uwezo wa chombo kujirudi baada ya kupinduka, uimara wa milango ya kuingilia ndani, na kamba za kujifungia. Hayo yanatangulia, na mashua ya kokpiti ya kati iliyoinuliwa kupita kiasi inaweza kuwa dhaifu katika hilo la kwanza. Hata hivyo kuna jambo la maji ambalo halibadiliki. Mita moja ya ujazo wa maji ya bahari ina uzito wa zaidi ya tani 1. Wimbi likivunjikia juu ya tezi na kujaza kokpiti ya nyuma, uzito huo unaikandamiza tezi chini kabla tu ya wimbi linalofuata kufika. Wimbi hilohilo likikuta sitaha tupu na paa la chumba cha nyuma, maji hutawanyika na kurudi baharini. Na hata yakifika kwenye kokpiti ya kati, chombo kinadidimia sawasawa.

Mapingamizi ya bandarini nayakubali karibu yote. Kwenye gati za Mediterania, ambako yoti hufungwa kwa tezi, nahodha wa kokpiti ya kati anarudisha nyuma kitu ambacho mwisho wake hauoni. Amel alilijua hilo, ndiyo maana akaweka propela ndogo omoni ya kuisukuma omo upande. Aliyeanguka majini ni vigumu kumpandisha kwenye ubavu mrefu, ingawa jukwaa la tezi linalopanda na kushuka juu ya kichwa chake nalo linaweza kumuua. Kwa upande mwingine, anayetafuta mlango kati ya miamba ya matumbawe, uwe wa Bahamas au wa Kilifi, huyaona maji vizuri zaidi akiwa juu na karibu na omo. Pingamizi ninaloliona zito kuliko yote ni la ufundi, na wauzaji hawalitaji: usukani uko mbali. Kati ya gurudumu na usukani kuna mita kadhaa za waya na kapi, au mabomba ya mafuta, ambayo humfanya nahodha asiuhisi tena usukani mkononi. Kikikatika kitu, kana ya dharura huchomekwa nyuma, na katika baadhi ya mashua inachomekwa ndani ya chumba cha kulala, juu ya kitanda, ambako mwenye kuishika haoni tanga wala dira wala wimbi. Anayenunua mashua ya namna hii iliyotumika angeanza ukaguzi wake hapo kabla ya kugusa magodoro.

Miaka 20 hivi iliyopita soko lilibadilika. Tezi za yoti zilipanuka, kwa kuiga mashua za mashindano ya kuzunguka dunia, mpaka pakapatikana nafasi ya vyumba viwili vya watu wawili chini ya kokpiti ya nyuma. Kwa makampuni ya kukodisha hiyo ilikuwa neema: vyumba vingi zaidi, jukwaa la kuogelea, magurudumu mawili ya usukani, bei ndogo. Waliotaka nafasi zaidi ya hapo wakahamia kwenye mashua za miili miwili. Kokpiti ya kati ikarudi nyuma hadi kwa wajenzi wachache wa vyombo vikubwa vya bei ghali: Amel, Oyster, Contest, Hylas na Hallberg-Rassy. Wengi wameyasoma mabadiliko hayo kama kushindwa. Mimi nayasoma kama kusahihishwa, kwa kuwa kilichoondoka ni mashua fupi, zile ambazo hazikupaswa kuwa na mpangilio huu tangu awali.

Ushahidi uko Orust kwenyewe. Kiwanda kilichotoa Rasmus 35 yenye kokpiti ya kati leo kinauza Hallberg-Rassy 340, mashua yenye urefu unaokaribiana sana na ule wa Rasmus, na kokpiti yake iko nyuma. Zile za mita 13 na kuendelea, kama 44, 50 na 57, zimebaki na kokpiti ya kati, tena tezi pana imevifanya vyumba vyao vya nyuma kuwa bora kuliko zamani. Na papo hapo mpakani, kwenye mita 12.3 hivi, kiwanda kimeshindwa kuchagua upande mmoja: mwili mmoja wa mashua uliochorwa na German Frers unauzwa kwa sura mbili, 40C yenye kokpiti ya kati na 400 yenye kokpiti ya nyuma. Sijui jaribio la haki kuliko hilo, kwa sababu umbo la chini ya maji ni lilelile, na mteja anachagua mahali pa kuketi tu. Familia ya watu watano itakayozunguka visiwa vya Sweden wakati wa kiangazi, ikifunga kamba gatini kila jioni, ingefanya vizuri kuchukua 400. Wawili wanaokusudia kuvuka Atlantiki, na baada ya hapo kuendelea mbele, ningewaelekeza kwenye 40C, kisha ningewaomba waitumie siku nzima ya kwanza chini ya sakafu, wakiifuata njia ya usukani kutoka kwenye gurudumu hadi mwisho wake.